Wiki Ambayo Miungu Hawapo Nyumbani

Kijiji cha Dolsaem, kisiwa cha Jeju
19 Oktoba 1986

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yamepumzika tangu ulipotusindikiza kituoni, na kwamba ng'ombe ameacha kususia majani. Sisi hatujambo. Meli ilitutikisa njia nzima kutoka Busan, na mwanao alitapika kwa adabu, kila mara akimwomba radhi abiria aliyekaa karibu naye. Mimi sikutapika. Nalitaja hili kwa sababu najua yeye hatalitaja.

Tulihamia tarehe kumi na mbili, siku ileile uliyotuchagulia kwenye kalenda yako, siku ambayo pepo wabaya hawapo njiani na mtu anaweza kuhamisha hata mawe ya msingi bila wasiwasi. Nyumba ni nzuri. Ina vyumba viwili, ukuta wa mawe meusi na mchenza uani. Mwenye nyumba, Bibi Yang, ana nywele nyeupe zote lakini bado anapiga mbizi kila siku bahari ikitulia, akiokota konokono na mwani. Ametupokea vizuri. Shule ni nzuri. Wanafunzi wa Gi-hwan ni wazuri. Hewa nayo ni nzuri.

Vitu vyetu bado vimo kwenye maboksi, lakini huo ni utaratibu wa huku tu, usijali. Gi-hwan anakusalimu sana. Siku hizi anaimba mno.

Mkaza mwanao,
Gyeong-nim


Kijiji cha Gamnae, Andong
2 Novemba 1986

Mkaza mwana wangu,

Marahaba. Ng'ombe anakula. Magoti ni yaleyale, nayapeleka shambani na kuyarudisha. Nimeanika pilipili juu ya paa peke yangu, kwa hiyo mwaka huu hakuna aliyezikanyaga akisoma kitabu. Mama wa nyumba ya pili amemwoza binti yake, na bwana harusi ni mfupi kuliko ilivyosemwa. Habari za hapa ni hizo.

Sasa tuzungumze. Barua yako ilikuwa fupi, na neno "nzuri" limejaa humo kama nzi. Mtu akisifu mpaka hewa, kuna kitu amekikalia.

Halafu hili la kuimba. Gi-hwan haimbi. Alipokuwa mtoto mwalimu wake wa muziki alimsihi afungue mdomo tu, sauti awaachie wenzake. Sasa ni mtu mzima, ana mke na shahada, ghafla anaimba. Ana homa? Anakunywa? Niambie ukweli, mimi si mtu wa kuzimia.

Kuhusu maboksi, umefanya vyema. Usijisumbue kuyafungua. Zile kamba nilizikaza kwa mikono yangu, na itakuwa uchungu zikatwe halafu zitafutwe tena.

Watu hapa wananiuliza kwa nini serikali imempeleka mwalimu wa hesabu mpaka ng'ambo ya bahari, wakati shule zetu zinalia hazina mwalimu wa hesabu. Nawaambia serikali ina akili zake. Mimi sikuuliza, na siulizi.

Mama Gi-hwan


Dolsaem, Jeju
23 Novemba 1986

Mama,

Shikamoo, na pole kwa pilipili. Hongera kwa mama wa nyumba ya pili, na pole kwa urefu wa bwana harusi. Sisi wazima. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nikitafuta namna ya kuandika ukweli ukiwa umevaa nguo, sikuipata, kwa hiyo upokee hivihivi.

Mwanao anaimba kwa sababu choo hakina mlango. Kilikuwa nao siku tulipofika. Siku ya pili upepo wa hapa uliubeba ukautupa kwenye shamba la karoti la jirani. Gi-hwan alichukua nyundo aurudishe, na Bibi Yang akatokea mbio, maji ya bahari yakimchuruzika, akamshika mkono.

"Mwalimu, unataka kutuua?"

"Napiga misumari tu, bibi."

"Misumari chooni mwezi huu? Weka chini hiyo nyundo. Weka chini, mwanangu, taratibu."

Basi akatukalisha kibarazani akatueleza, kwa sauti ya mtu anayewafundisha watoto wasiokuwa wepesi. Kisiwani kuna miungu kila mahali, Mama. Mlangoni yupo wake, kwenye mawe ya jikoni yupo wake, chooni yupo wake. Na yule wa jikoni na yule wa chooni walikuwa wake wenza, na hawajasameheana mpaka leo. Hata kijiti cha chooni hakipelekwi jikoni. Ukimgongea nyundo yule wa chooni bila ruhusa, kesho kuna mtu nyumbani amelala na homa. Ila kila mwaka, mwishoni mwa baridi kali, miungu hao humaliza zamu yao na kupanda mbinguni kuripoti, na wapya huwa hawajashuka. Kwa wiki moja hakuna anayelinda chochote. Ndipo kisiwa kizima huhama, hubomoa, hupaka rangi na kurekebisha vyoo. Nje ya wiki hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayehamia nyumba.

"Kwa hiyo sisi?" nikamuuliza.

"Nyie hamjahamia. Nyie mnapita tu."

Ndiyo maana maboksi yamefungwa. Tunatoa sufuria moja, tunaiosha, tunairudisha. Kodi ya mwaka alikataa kuipokea, eti wapitaji hawalipi. Majirani wanatusalimu kama watu wanaongoja basi. Huku mgeni akihamia, kila nyumba humletea bakuli la kitu. Sisi hatujaletewa hata kitunguu. Na Gi-hwan lazima aimbe, ili mtu anayepita njiani ajue choo kina mwenyewe. Wanafunzi wake hupita njia hiyo kwenda shule. Tayari wameujua wimbo wote, na wanamwitikia.

Bibi Yang aliniuliza jambo moja zaidi. "Nani aliwachagulia siku ya kuja?"

"Mama mkwe wangu."

"Anawapenda?"

"Sana."

Aliyatazama maboksi yetu kwa muda. "Basi labda hajui mambo ya huku," akasema.

Mkaza mwanao,
Gyeong-nim


Gamnae, Andong
10 Desemba 1986

Mkaza mwana wangu,

Marahaba. Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini kwa sababu ya kucheka. Usimwambie Gi-hwan.

Tumemaliza kutia kabichi chumvi na pilipili, mimi na mama wa nyumba ya pili. Yeye alizungumza, mimi nilifanya kazi. Mitungi yake niliyoizika ardhini kwa ajili ya baridi ni mingi kupita kiasi. Mkono umezoea idadi ya zamani.

Mambo hayo ya miungu ya kisiwa yamenishangaza sana. Kumbe kuna watu wa namna hiyo duniani. Sikuwahi kusikia. Masikini, mmeteseka bure, na kosa si lenu, ni umbali tu. Lakini tazama jinsi bahati ilivyo, vitu vyenu vimefungwa, kodi hamjalipa, majirani hawajawazoea. Mwanadamu hawezi kupata njia nyepesi zaidi ya kurudi kwao. Shule ya hapa bado inatafuta mwalimu wa hesabu kuanzia Machi. Choo chetu kina mlango, na mlango una komeo.

Mtakuja Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, hilo halina mjadala. Mwaka huu unaangukia tarehe ishirini na tisa Januari. Gi-hwan ndiye mwana pekee, asipopiga magoti mbele ya meza ya tambiko la marehemu baba yake, nani atapiga, ng'ombe? Njooni wote wawili, mje na maboksi yenu, tuzungumze tukiwa tumeshiba.

Mama Gi-hwan


Dolsaem, Jeju
28 Desemba 1986

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa Busan siku nyingi, bahari ilichafuka na meli hazikutoka. Sisi wazima, ila Gi-hwan amepata mafua, maana upepo huingia chooni anapofika ubeti wa pili.

Umesema hukuwahi kusikia mambo ya wiki hii. Jana tulikuwa tukila mchuzi wa samaki na maboga, nikamuuliza mwanao hivi hivi tu, "Mama ana mtu anayemfahamu kutoka Jeju?" Akajibu bila hata kuinua kichwa, "Yule muuza mwani. Alikuwa analala kwetu kila vuli nilipokuwa mdogo. Yeye na Mama walikuwa wanapiga soga mpaka jogoo anawika." Kisha akaendelea kutoa miba.

Mimi nikaweka vijiti chini, Mama. Vuli nyingi, mwanamke wa kisiwani, soga mpaka jogoo, na hata siku moja hakutaja kwamba watu wa kwao huhama wiki moja tu kwa mwaka? Mwanamke huyo alikuwa bubu? Nimehesabu miezi yote ambayo ungeweza kutuchagulia, na nimeona ulichagua ule ambao ungetufanya tukae miezi mitatu na zaidi juu ya maboksi. Sikulaumu. Nimevutiwa tu. Nimeolewa katika nyumba yenye akili, na nilikuwa nikidhani akili hiyo imeishia kwa marehemu baba mkwe.

Lakini sasa kuna jambo zito, na hapa siwezi kutania. Wiki ya miungu kuondoka inaanza tarehe ishirini na tano Januari na kuisha tarehe mosi Februari. Mwaka Mpya uko katikati yake. Na Bibi Yang ana mpwa wake anayeitaka nyumba hii, anaoa. Amenieleza wazi.

"Wiki ile, atakayeingiza moto wake jikoni kwangu na kulala nao mpaka wiki iishe, nyumba ni yake. Ukiondoka moto ukazimika, mpwa wangu yuko barabarani na mkokoteni."

"Hata kama nimeondoka kwa ajili ya mababu wa mume wangu?"

"Mababu zenu wana mwaka mzima. Miungu wangu wana wiki."

Nimelala na neno hilo usiku kadhaa. Tukija wote wawili, tumepoteza nyumba, na hakuna nyingine kijijini mpaka wiki ya mwaka ujao. Nifanye nini, Mama? Nakuuliza wewe mwenye kalenda.

Gyeong-nim


Gamnae, Andong
12 Januari 1987

Mkaza mwana,

Marahaba.

Kuhusu muuza mwani, nilikuwa na wageni wengi wakati huo. Siwakumbuki wote walisema nini.

Kuhusu Mwaka Mpya, nitapika supu ya watu watatu. Nimeshatenga mchele wa kutengenezea vitonge vyake.

Kuna theluji. Nimefunga chumba cha mbele, nakaa cha nyuma, ni rahisi kukipasha moto. Ng'ombe hajambo.

Mama Gi-hwan


Dolsaem, Jeju
27 Januari 1987

Mama,

Shikamoo, na heri ya Mwaka Mpya mapema. Barua hii inaletwa na Gi-hwan mwenyewe, na ukiisoma utakuwa umeshaona kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Jana tulihama. Bibi Yang alikuja asubuhi akatuamuru tutoe kila kitu nje, hadi kijiko, tukitoe mpaka barabarani na tuipe nyumba mgongo. Tukasimama katika upepo na maboksi yetu kama watu waliofukuzwa. Kisha akauliza kwa sauti ya kijiji kizima, "Nyie mnatoka wapi?" Gi-hwan akasema tunatoka Andong. "Mnakwenda wapi?" Tunahamia hapa. "Ingieni basi, baridi hii."

Kwanza niliingia mimi na chungu cha makaa, halafu mtungi wa mchele, halafu Gi-hwan na kile chombo cha haja ndogo cha shaba ulichonizawadia nilipoolewa. Watu wote walikuwa wakitazama, na alikibeba kwa mikono miwili kama kombe la mashindano. Kijiji kizima wiki hii kiko juu ya mapaa na nyundo, huwezi kusikia unachosema. Mlango wa choo umerudi. Wanafunzi wamekuja kuulalamikia, wanasema wimbo haujaisha.

Na jioni wakaja, Mama. Bakuli la mtama, bakuli la samaki, bakuli la figili, yule jirani mwenye shamba akaleta karoti na kudai mlango wetu ulimvunjia nyingi zaidi ya hizo. Nilipokea bakuli baada ya bakuli, na nilipofunga mlango nililia. Sijui kama unaijua hali ya kukaa miezi mahali ambapo hakuna anayekuuliza umekula nini.

Nakusikitisha, najua. Mkaza mwana gani hukosa Mwaka Mpya kwa ajili ya chungu cha makaa? Ningeweza kukuambia kwamba tumbo liliniuma, au meli ilijaa. Sikutaka. Naitaka nyumba hii. Naitaka kwa roho yangu yote, na mwanao anaitaka zaidi, ndiyo maana hawezi kukwambia. Muulize nani aliomba uhamisho na utazame masikio yake yatakavyokuwa mekundu. Au usimuulize, kama ulivyofanya siku zote.

Nitapiga magoti hapa, kuelekea kaskazini, saa ileile. Mwombe baba mkwe anisamehe. Wewe nitakuomba mwenyewe.

Gyeong-nim


Gamnae, Andong
30 Januari 1987

Mkaza mwana wangu,

Marahaba, na heri ya Mwaka Mpya kwako pia. Barua hii ameibeba Gi-hwan. Mkague mifuko, husahau.

Alipiga magoti vizuri. Alikula bakuli lake la supu, nami nikala langu, halafu tukakaa tukilitazama lile la tatu, lako. Hatimaye nikalila mimi. Tumbo langu lilijaa mpaka jioni na hasira haikupata pa kukaa.

Sikumuuliza kuhusu uhamisho. Nilimpa habari za mwalimu wa hesabu anayetafutwa shule ya hapa, nikayatazama masikio. Inatosha.

Baadaye alikwenda kuwaamkia wazee wa ukoo, nami nikaingia chumbani kwake. Tangu mwondoke nilikuwa nakifagia kila jioni na kukunjua godoro, na asubuhi nalikunja. Mama wa nyumba ya pili aliniona mara moja akanyamaza, na yule mwanamke hanyamazi kwa jambo dogo. Nikafikiri, mimi ndiye niliyewafungia maboksi, kumbe nilificha moja. Vitabu vyake, meza ya kusomea, blanketi la pamba alilolalia toka utotoni, koti la baba yake, vyote nilivibakiza hapa makusudi. Mtu ambaye nusu ya vitu vyake iko kwa mama yake hajahama. Bibi Yang wako alikuwa sahihi, mlikuwa mnapita, na aliyewafanya mpite ni mimi.

Basi nimevifunga vyote. Kamba nimezikaza kuliko zile za kwanza. Nilikata vitunguu kwanza ili machozi yawe na sababu, na Gi-hwan aliporudi aliniamini, maana ni mwerevu wa hesabu tu. Kijana wa nyumba ya pili atampeleka kituoni na gari lake la mizigo. Akipata meli ya leo atafika kesho, siku moja kabla ya miungu wenu kurudi. Viingie ndani hata kama ni saa ya kula. Chumba chake sasa kiko wazi, nitaanikia pilipili humo.

Nimeitazama kalenda pia, safari hii kwa moyo mweupe. Leo pepo wabaya wako mashariki, na nyinyi mko kusini. Hawatakutana njiani.

Nimetia mtungi mmoja wa kabichi, na samaki wa chumvi. Mpe Bibi Yang nusu ya samaki. Mwambie anayemsalimu si mtu asiyejua mambo ya huko, alifundishwa na muuza mwani, na muuza mwani huyo alikuwa muongo katika mambo yote ila hilo moja.

Tena muulize jambo, kwa kuwa watu wa huko huhesabu mapema. Wiki yao ya mwakani itaanza tarehe ngapi? Ng'ombe ninaweza kumuuza vuli, magoti hayapendi theluji. Usinijibu kwa furaha nyingi na usianze kusafisha chumba cha pili. Nataka tarehe tu.

Mama